Homa na vipele kwa mtoto: mguse miguu kabla ya kutazama ngozi

Watoto wengi wanaoletwa zahanati wakiwa na homa na vipele hupona. Kwa wengi ni virusi tu. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara, ukachapishwa mwaka 2014, ulichunguza watoto 1,005 wenye homa waliofika kliniki za wagonjwa wa nje. Wengi wao walikuwa na virusi, na malaria ilipatikana kwa takriban mmoja kati ya kumi. Ugumu wa kazi hii unaanzia hapo. Mtoto mwenye bakteria kwenye damu huingia mlangoni akifanana na wenzake: ana joto, analialia, ana vipele ambavyo mama anaviita harara. Akirudishwa nyumbani na sirapu ya paracetamol anaweza asifike asubuhi. Tunayoyaandika hapa ni yale ambayo wodi ya watoto hufundisha polepole na kwa gharama kubwa, na la kwanza ni kwamba ngozi si mahali pa kuanzia.

Bakteria anayeogopwa kuliko wote katika habari ya homa na vipele ni meningokoka. Wengi wanamjua kwa homa ya uti wa mgongo, lakini mara nyingi huua akiwa ndani ya damu, shingo ya mtoto ikiwa laini kabisa. Ugonjwa huu huenda kwa saa, si kwa siku. Watafiti wa Uingereza walipanga dalili kufuata saa zilipojitokeza, wakachapisha matokeo mwaka 2006. Saa 4 hadi 6 za mwanzo hapakuwa na kitu cha kuutofautisha na mafua. Kwenye saa ya 8 hivi zikaanza kuonekana dalili tatu: maumivu ya miguu, mikono na nyayo za baridi, na rangi ya ngozi iliyobadilika. Madoa ya damu, shingo kukakamaa na kupotewa na fahamu vilikuja baadaye, kwa wengi saa ya 13 na kuendelea. Ndani ya saa 24 mtoto alikuwa mahututi. Kwa hiyo anayesubiri madoa ya damu ili aamini kwamba hali ni mbaya anakuwa amekwisha kupoteza saa tano au zaidi.

Basi mguse. Pitisha mgongo wa mkono wako kuanzia unyayo kupanda kifundoni, gotini hadi pajani. Ukikuta nyayo ni baridi huku tumbo linaunguza, tafuta mstari ambapo baridi inageuka joto. Mstari huo ukiwa juu gotini, hali ni mbaya kuliko ukiwa kifundoni. Ni kweli kwamba homa inapopanda, mtoto akitetemeka, mikono hupoa kwa muda. Mfunike kanga, mpakate, mguse tena baada ya robo saa. Zikibaki baridi, usitafute sababu nyingine ya kujituliza.

Kisha pima damu inavyorudi. Bonyeza ukucha wa kidole gumba kwa sekunde 5, achia, hesabu kwa saa yenye mshale wa sekunde. Rangi ikichelewa zaidi ya sekunde 3, damu haifiki inavyotakiwa. Kwa mtoto mweusi sana kidari hakionyeshi vizuri, ndiyo maana tunapendelea ukucha au unyayo. Na hapa Pwani kuna jambo ambalo vitabu vya nje havilitaji: mtoto wa kike aliyetoka harusini na hina kwenye kucha na nyayo hasomeki huko kote. Tafuta kidole kisichopakwa au rudi kidarini, na usiamini sana kipimo cha oksijeni kilichobanwa kwenye ukucha wenye hina.

Hesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, si kwa sekunde 15 ukazidisha kwa nne. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno; miezi 2 hadi 11 ni 50; mwaka 1 hadi 5 ni 40. Kupumua haraka bila kikohozi, kifua kikiwa kisafi ukisikiliza, mara nyingi si ugonjwa wa mapafu. Ni asidi iliyojaa kwenye damu inayokosa mzunguko. Watu wengi hupita hapo bila kusimama, kwa sababu wanatafuta nimonia na hawaioni.

Halafu zipo zile dalili nne za hatari ambazo kila mhudumu amefundishwa: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au hana fahamu. Moja tu inatosha kumpa rufaa. Tunaongeza mbili. Mtoto aliyekuwa anatembea jana na leo hataki kusimama, au analia ukimgusa paja: inaweza kuwa meningokoka, inaweza kuwa usaha kwenye kiungo au kwenye mfupa, na kwa mwenye selimundu inaweza kuwa maumivu ya selimundu na bakteria kwa pamoja. Ya pili ni mama anayesema, “Huyu si mwanangu ninayemjua.” Mwulize ananyonya kama jana? Amekojoa mara ngapi tangu asubuhi? Anakutazama ukimwita? Majibu hayo yana uzito kuliko kipimajoto. Joto la 40 kwa mtoto anayecheza halitutishi kama joto la 37.8 kwa mtoto aliyenyamaza. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, joto la kwapani la 37.5 au zaidi ni dalili ya hatari peke yake, na la chini ya 35.5 vilevile. Na homa kushuka baada ya paracetamol haithibitishi kitu. Homa ya bakteria nayo hushuka.

Sasa ngozi. Mvue nguo zote, na nepi. Mpeleke dirishani penye mwanga wa mchana. Usiku tumia tochi ya simu ukiimulika kwa ubavu, maana mwanga wa kumkabili hulainisha kila kitu, hasa kama amepakwa mafuta. Vitabu vingi vimeandikwa na watu wanaotazama ngozi nyeupe, ndiyo maana vinasema wekundu. Kwenye ngozi nyeusi mara nyingi wekundu hauonekani: utaona weusi uliozidi, zambarau, kijivu, au hutaona kitu. Madoa ya damu yatafute pale ngozi ilipo na rangi nyepesi: viganja, nyayo, katikati ya vidole, ndani ya mkono, tumbo, kisha vuta kope la chini utazame utando wa jicho, fungua kinywa utazame kaakaa na ufizi. Pitisha vidole pia. Vipele vya homa nyekundu ya koo vinaweza kufichwa na rangi, lakini vidole huvipata: ngozi inakwaruza kama msasa, ulimi umevimba vichembe, koo limewiva. Huyo anahitaji penisilini au amoksilini kwa siku 10 kamili, ili moyo wake usiharibike baadaye.

Ukikuta doa, likandamize kwa glasi angavu, ubavu wa glasi na si kitako, ukitazama kupitia humo. Likipotea, ni mishipa iliyotanuka. Likibaki, damu imetoka nje ya mshipa. Rudia sehemu tatu au nne, na uchague pasipo na weusi mwingi. Kosa la kawaida hapa ni kufurahi mapema. Vipele vya meningokoka vinapoanza vinaweza kuwa vya kawaida na vikapotea chini ya glasi, halafu baada ya saa mbili vikawa madoa ya damu. Kwa hiyo glasi ikikataa, imekuonya. Ikikubali, haijakuhakikishia chochote. Tuna desturi ya kuzungushia madoa kwa kalamu na kuandika saa juu ya ngozi yenyewe. Doa likivuka mstari kabla gari halijafika, kila mtu anaona bila mabishano.

Si kila doa la damu ni meningokoka. Mtoto aliyekohoa au kutapika kwa nguvu hupata vidoa usoni na shingoni, vikiishia juu ya usawa wa chuchu, visishuke chini yake, naye yu mchangamfu. Huyo mchunguze kwa saa chache kabla hujamruhusu. Dengue, iliyowahi kusumbua sana Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, hutoa vidoa, na malaria kali hushusha chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Na penye mlipuko wa Ebola au Marburg, kama Kagera mwaka 2023 au Rwanda mwaka 2024, mtoto mwenye homa na damu hutengwa na mhudumu anavaa kinga kwanza ndipo amguse. Hapo kanuni ya kugusa haraka inangoja glovu, gauni na miwani. Lakini madoa makubwa kuliko milimita 2, au madoa yoyote kwa mtoto mwenye nyayo baridi, tunayatibu kama meningokoka hadi maabara iseme vingine.

Kuna vipele ambavyo havitishi wenyewe, ila hufungulia bakteria mlango. Surua ndiyo kubwa. Vipele vyake huanza nyuma ya masikio na usoni, siku ya tatu au ya nne ya homa, vikiambatana na kikohozi, makamasi na macho mekundu, kisha vinashuka mwilini. Homa inatakiwa ipungue vipele vikishatapakaa. Ikiendelea zaidi ya siku nne, au ikashuka halafu ikarudi, tafuta nimonia, sikio, au koromeo lililoziba; virusi vya surua hudhoofisha kinga kwa wiki nyingi, na wanaokufa hufa zaidi kwa bakteria wanaofuata. Kuna familia zinazoamini surua isitibiwe, iachwe itoke yenyewe. Waache wamwogeshe maji ya mwarobaini wakipenda, ila mtoto apate vitamini A siku ya kwanza na ya pili: yuniti 50,000 chini ya miezi 6, 100,000 miezi 6 hadi 11, 200,000 kuanzia mwaka mmoja. Tazama mboni zote mbili. Ukungu kwenye kioo cha jicho ni rufaa ya siku hiyo hiyo.

Tetekuwanga nayo ina njia yake. Mtoto anaendelea vizuri, siku ya tatu au ya nne homa inarudi, na pembeni ya lengelenge moja ngozi inavimba, ina joto, inauma. Ikiwa maumivu ni makubwa kuliko kinachoonekana, mtoto analia kabla hujamgusa, ngozi inageuka rangi ya majivu au zambarau, ni bakteria aitwaye streptokoka anayekula nyama chini ya ngozi. Huyo anahitaji sindano na daktari wa upasuaji, si krimu. Mwenye tetekuwanga apewe paracetamol. Tunakataza ibuprofeni kwa sababu imehusishwa na maambukizi haya ya ngozi, na aspirini kwa sababu inaweza kuharibu ini na ubongo wa mtoto.

Ngozi kubabuka inachanganya hata wenye uzoefu. Mtoto mdogo mwenye homa, ngozi inauma akibebwa, inabanduka kwapani, kinenani na pembeni ya mdomo, huku ndani ya kinywa kuzima: hiyo ni sumu ya bakteria aitwaye stafilokoka, inataka dawa ya kloksasilini ya mshipa. Kinywa kikiwa na vidonda, macho yana utando, sehemu za siri zimechubuka, uliza dawa alizomeza wiki chache zilizopita, hasa kotrimoksazoli au SP, ile dawa ya malaria. Hapo kosa ni la dawa, na hatua ya kwanza ni kuisimamisha. Kwa mtoto mchanga, tazama kitovu: wekundu au uvimbe uliovuka shina la kitovu ukaingia kwenye ngozi ya tumbo ni hatari, na vipele vingi vya usaha vilevile.

Jambo linalotuuma zaidi kuliko mengine ni kipimo cha malaria. Kikitoka chanya, macho hufungwa. Mtoto anaandikiwa dawa ya mseto, faili linafungwa, bakteria wanaendelea. Kipimo cha haraka kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya malaria iliyokwisha kutibiwa, na katika maeneo yenye malaria nyingi mtoto anaweza kubeba vimelea bila kuumwa navyo. Zaidi ya hayo, malaria yenyewe huwafungulia njia bakteria wa salmonela kuingia damuni. Kilifi, Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihusisha bakteria wa damu na angalau asilimia 26 ya vifo vya watoto waliolazwa. Mtoto mwenye malaria chanya na dalili ya hatari atibiwe yote mawili. Kadi ya kliniki iliyojaa alama za chanjo nayo isikulaze: pentavalenti hukinga bakteria aitwaye Hib, chanjo ya numokoka hukinga aina kadhaa za bakteria huyo wa nimonia, wala hakuna kati ya hizo inayokinga meningokoka.

Ukishamshuku, sindano ya kwanza itolewe hapo ulipo, kabla ya kutafuta gari. Zahanati yenye ampisilini na jentamisini inatosha kuanza: ampisilini miligramu 50 kwa kila kilo, jentamisini miligramu 7.5 kwa kila kilo, zote msulini. Mtoto wa kilo 10 anapata ampisilini 500. Chupa ya 500 ikichanganywa na mililita 2.1 za maji ya sindano hutoa mililita 2.5, nayo yote ni yake. Jentamisini ya miligramu 40 kwa mililita anapata mililita 1.9. Penye seftriaksoni na madoa ya damu, toa miligramu 100 kwa kilo. Dozi ikiwa kubwa igawanywe mapaja mawili. Seftriaksoni iliyochanganywa na lidokeini, dawa ya ganzi, haiingii kwenye mshipa kamwe. Kwa mtoto mchanga seftriaksoni isikutane na dripu yenye kalsiamu, kama Ringa. Damu ya kuotesha bakteria maabara ichukuliwe kabla ya dawa pale tu chupa ipo mkononi. Maji ya uti wa mgongo yanaweza kusubiri, na kwa mtoto aliyelegea na mwenye madoa yanayoenea ni lazima yasubiri.

Pima sukari. Ikiwa chini ya milimoli 2.5 kwa lita, mpe mililita 5 kwa kilo za dekstrosi ya asilimia 10 kwenye mshipa. Yenye asilimia 50 ichanganye kipimo kimoja kwa vipimo vinne vya maji ya sindano. Huna mshipa na anaweza kumeza: vijiko vinne vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, ndani ya mililita 200 za maji safi, anywe mililita 30 hadi 50. Hawezi kumeza: kijiko kimoja cha sukari iliyoloweshwa matone mawili ya maji, chini ya ulimi.

Dripu ndiyo mahali ambapo nia njema imeua. Jaribio kubwa la hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, lililochapishwa mwaka 2011, lilihusisha watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu. Katika makundi mawili yaliyomiminiwa maji ya haraka, walikufa asilimia 10.5 na 10.6 ndani ya saa 48. Waliopewa maji ya kawaida tu walikufa kwa asilimia 7.3. Kwa hiyo mkono baridi peke yake haumpi mtoto ruhusa ya kumiminiwa. Zikiwepo zote tatu, yaani mikono na miguu baridi, rangi kuchelewa zaidi ya sekunde 3, na mapigo dhaifu yanayokimbia, mpe mililita 10 hadi 20 kwa kilo polepole, kwa dakika 30 hadi 60, ukimsikiliza kifua na kumshika ini. Pumzi zikiongezeka au ini likikua, funga. Mwenye utapiamlo mkali au upungufu mkubwa wa damu ana utaratibu wake tofauti.

Katika safari, wengi hukwama nyumbani kabla ya kukwama barabarani. Mtoto akipata degedege, zipo nyumba zinazoamini kwamba akidungwa sindano atakufa, na anapelekwa kwanza kwa mganga. Mara nyingi mwenye uamuzi si mama bali bibi. Mwamkie, mweleze yeye: “Shikamoo bibi. Degedege hili limeletwa na ugonjwa ulio kwenye damu, na dawa ya kuufikia inapita kwenye sindano. Twende wote, utakaa naye.” Kubishana kuhusu degedege ni nini kutakula saa ambazo mtoto hana. Njiani alale ubavu, anyonye akiweza. Kwenye barua andika uzito, dawa, dozi na saa ya sindano, sukari ilikuwa ngapi, na saa ulipozungushia madoa.

Meningokoka ikithibitishwa au kushukiwa sana, waliolala naye chumba kimoja wapate kinga mapema, bila kusubiri waumwe: siprofloksasini dozi moja, au seftriaksoni sindano moja msulini, miligramu 125 kwa walio chini ya miaka 15 na 250 kwa wakubwa. Darasa zima au mtaa mzima hauhitaji.

Wengi bado utawarudisha nyumbani, na ni sawa. Usimwambie mama “akizidiwa umlete”, kwa sababu hujui yeye anaita nini kuzidiwa. Mpe glasi mkononi, mwonyeshe, aikandamize mwenyewe mbele yako. Mwambie amguse nyayo kila akiamka usiku, na ataje kwa mdomo wake mambo manne ya kumrudisha: nyayo baridi, doa lisilopotea, kukataa kunyonya, kulegea. Hesabu naye nauli ya bodaboda ya usiku wakati bado ni mchana. Akirudi siku hiyo hiyo, asipange foleni. Mtoto avuliwe nguo upya, ahesabiwe pumzi upya, na aliyempokea asisome kilichoandikwa asubuhi mpaka amalize kumtazama yeye mwenyewe.